Salamu za Wodi ya Vidonda

Jumatatu, 3 Mei 1971

Mzee Chepyegon amestaafu! Amekuwa nyapara wa wodi ya vidonda tangu mimi nikiwa sijui hata kufunga bandeji. Leo amepewa blanketi na redio, akaenda zake Bomet kuangalia ng'ombe. Koti lake jeupe lenye mifuko mitatu limebaki kwenye msumari ofisini kwa Sista Drusilla, mkubwa wa hospitali yetu hii ndogo ya shamba la chai. Nimelipitia mara kadhaa nikijifanya natafuta ufagio. Ni saizi yangu kabisa.

Sista amesema nyapara mpya atatoka kati yetu madresa wawili, wafunga vidonda: mimi, Zablon Onyancha, au Kipkemboi. Atatazama kazi yetu kwanza. Hakuna haraka, anasema. Hakuna haraka! Anadhani mimi nitalala?

Kipkemboi hawezi kunishinda. Huyu ni mtu gani, ananawa mikono siku nzima kama mtu aliyealikwa ugali kila nyumba? Akigusa mgonjwa, ananawa. Akigusa mwingine, ananawa tena. Na maji ya hapa ni baridi kuliko ya Londiani. Nimemwambia sabuni ni ya kampuni, si ya baba yake. Akacheka. Anaudhi sana akicheka.

Kijiti cha mchai kilinichoma kidole cha shahada juzi nikikata njia ya mkato. Pembeni ya ukucha pamekuwa pekundu. Si kitu. Nimebandika plasta. Sista asijue tu, maana ana sheria yake kwamba dresa mwenye kidonda mkononi haingii wodini. Nikae nyumbani wakati koti linatafuta mwenyewe? Thubutu!

Jumanne, 4 Mei

Mpango uko tayari! Umenijia nikinywa chai.

Hapa kwetu, awe Mkipsigis awe Mkisii, mtu akija kuona mgonjwa hamwendei wake moja kwa moja kama mwizi. Anaanzia mlangoni, anapeana mkono kitanda kwa kitanda mpaka amalize wodi, ndipo anaketi kwa mtu wake. Huo ndio utu. Sasa, ni dresa gani huwasalimu wagonjwa hivyo? Hakuna. Madresa huingia na ndoo, wakatoka na ndoo. Basi kuanzia leo, kila asubuhi, mimi nitasalimia wodi nzima kwa mkono. Wagonjwa watanipenda. Watamwambia Sista. Koti litashuka lenyewe kutoka msumarini.

Nimeanza kwa Mzee Johana, kitanda cha mlangoni, mwenye kidonda ndugu mguuni. Ni mzee wa kanisa huko Kapsoit, kwa hivyo nimempa mikono yote miwili. Halafu fundi wa kiwandani aliyeunguzwa na mvuke. Halafu wengine, nikavuka pazia upande wa akina mama, nikamalizia dirishani kwa Gesare.

Gesare ni wa kwetu Kisii. Alijikata kiganja kwa kisu cha kupogolea chai. Kidonda chake kimekauka vizuri na Sista amemwahidi kwamba Jumamosi atakwenda nyumbani. Ana hamu kweli. Ni mjane, na kampuni humwachia mtu nyumba ya laini, zile za wachuma chai, mradi mkono wake unachuna majani. Mkono ukikataa kazi, nyumba inapewa mwingine, yeye na watoto wake nje. Nimemshika ule mkono mgonjwa polepole, nikamwambia bwakire buya, yaani habari ya asubuhi kwa Kikisii. Akatabasamu mpaka nikaona aibu.

Baada ya salamu, nikang'arisha vyuma vya vitanda kwa kitambaa changu maalum. Kimoja tu, wodi nzima. Panapokataa kung'aa, mate kidogo.

Na Kipkemboi amejiharibia mwenyewe! Alipita na trei ya pamba, Mzee Johana akamnyooshea mkono. Kipkemboi akainamisha kichwa, akasema chamgei, salamu ya kwao, akapita. Bila mkono! Mzee akabaki na mkono hewani. Nikaurukia nikaushika mimi. Mzee ameniambia kwamba mimi nililelewa.

Alhamisi, 6 Mei

Mambo ni moto! Wagonjwa wananingojea. Mama mmoja ameuliza mbona leo nimechelewa na salamu. Leo nimezunguka mara mbili, asubuhi na baada ya chakula, ili Sista asikose kuniona. Ameniona. Amesimama mlangoni akakunja uso. Nadhani alikuwa anafikiria koti.

Ila kuna kijambo. Yule fundi wa kiwandani, ngozi iliyokuwa imeanza kufunga imekuwa nyekundu na kutoa maji. Wa kitanda kinachomfuata pia. Sista ametuuliza kama kuna kitu tumebadilisha katika kazi. Nimejibu haraka kwamba hakuna. Salamu si kazi, ni tabia njema.

Mimi namshuku Kipkemboi. Mikono yake imepasukapasuka kwa sabuni. Nani anajua kinachokaa kwenye nyufa zile?

Plasta imelowa. Nimebandika nyingine. Kidole kinapwita.

Jumamosi, 8 Mei

Gesare hakwenda nyumbani.

Watoto wake walikuja kumchukua, wamevaa nguo za kanisani. Sista alipofungua bandeji ili amuage, palikuwa na usaha. Kiganja kimevimba, wekundu umepanda mpaka kwenye kifundo. Gesare hakulia mbele ya watoto. Aliwaambia waende wakamsubiri kwa jirani, Mama Kemuma, ni siku chache tu. Walipotoka ndipo akalia. Nilikaa naye. Nilimshika ule mkono muda mrefu, nikimwambia Mungu yupo. Nilikuwa na uchungu wa kweli, siandiki haya kwa sababu ya koti.

Sista amekuwa simba. Ametuita sote. Anasema kuna bakteria wanaotembea katika wodi yake. Halafu akajirekebisha: hawatembei, hawana miguu. Wanakaa tu kwenye ngozi, kwenye chuma cha kitanda, kwenye kishikio cha mlango, wakingoja mtu awabebe. Kwa hivyo kuanzia leo, kila mtu anawe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ameweka beseni la maji yenye dawa, sabuni na taulo ndogondogo nyingi, moja kwa kila kunawa.

Mimi nanawa asubuhi, vizuri, mpaka kwenye kiwiko. Nikinawa kwa kila mgonjwa, salamu zitaisha lini? Na mzee atafikiria nini, umshike mkono halafu ukimbilie sabuni mbele ya macho yake? Ni kama kumtemea mate. Sista ni msomi lakini hajalifikiria hilo.

Kipkemboi, bila shaka, alikuwa wa kwanza kwenye beseni, ameng'ara uso kama bwana harusi.

Jumatatu, 10 Mei

Mtihani! Sista ameleta visahani vya kioo kutoka maabara ya hospitali ya misheni. Ndani kuna kitu kama mchuzi wa kwato ulioganda. Kila mmoja wetu alitakiwa kubonyeza vidole vya kulia kwenye kimoja, vya kushoto kwenye kingine. Sista amepangusa pia vyuma vya vitanda na kishikio cha mlango kwa vijiti vya pamba, akavipaka kwenye visahani vingine. Landrova imevipeleka misheni vikae mahali penye joto. Kinachoishi mikononi kitaota, tukione kwa macho.

Nilielewa mara moja. Hapa ndipo nyapara anachaguliwa.

Nikajitolea kuwa wa kwanza. Nilibandua plasta chooni, nikajipaka mafuta ya nywele yenye manukato ili vidole viwe laini, nikabonyeza upesi kabla Sista hajainua macho. Safi! Kisha nikamwazia Kipkemboi. Yule atanawa, na kisahani chake kitakuwa kitupu. Nifanyeje? Nikaenda nikashika mlango wa choo, makusudi, mara nyingi. Kipkemboi alipotoka kwenye beseni, mikono juu kama anayesalimu amri, nikasimama mbele yake nikamnyooshea mkono. Nikamtakia heri kwa sauti kubwa. Akasitasita. Lakini Mzee Johana alikuwa anatazama, na Kipkemboi hajasahau kununiwa na wagonjwa wiki nzima. Akanipa mkono. Nikaukaza, nikausugua kwa kidole cha shahada, nikauachia. Akaenda kubonyeza.

Zablon, wewe ni kichwa.

Jumatano, 12 Mei

Visahani havijarudi.

Gesare ana homa. Sindano za penisilini zimeshindwa kufua dafu. Daktari wa kampuni atakuja Ijumaa, na Sista amemwambia Gesare ukweli: usaha ukifika kwenye mishipa ya vidole, huenda kidole kikakatwa, huenda viwili. Gesare akauliza kama mtu anaweza kuchuna majani kwa mkono wa kushoto peke yake. Kikapu hakijazwi hivyo, na yeye anajua kutushinda sote.

Nimemletea mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa jirani yangu ili apate nguvu. Nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili. Akaona plasta. Akaniuliza kidole kina nini. Nikamwambia ni mnyororo wa baiskeli. Akasema pole, Onyancha, nawe ujiangalie. Mtu ana homa namna ile, na bado ananiambia mimi pole!

Sikula vizuri jioni.

Alhamisi, 13 Mei

Sijui niandike vipi.

Landrova ilirudi na visahani na boksi la vidonge. Misheni wamesema bakteria wa wodi yetu hawaogopi penisilini, tujaribu dawa hii nyingine. Gesare akaanzishwa papo hapo. Halafu Sista akavipanga visahani dirishani, kwa mpangilio wa vitanda, tukaitwa.

Mimi nilitazama changu kwanza. Dhahabu! Pale nilipobonyeza vidole pameota madoa mazito, ya mviringo, manjano kama dhahabu. Hakuna aliyekuwa nayo nyingi kama mimi. Nilidhani nimeshinda. Naandika ukweli: nilimpiga Kipkemboi bega nikamwambia asivunjike moyo.

Sista aligeukia visahani. Alianza kuonyesha kwa kalamu. Chuma cha kitanda cha Mzee Johana, dhahabu. Cha fundi wa kiwandani, dhahabu. Kinachofuata, dhahabu. Akavuka pazia. Akafika dirishani. Ilikuwa njia yangu ya salamu, kitanda kwa kitanda, na kitambaa changu nyuma yake.

Kisha akainua visahani viwili vya Kipkemboi. Mkono wa kushoto, kitupu, kinameta. Mkono wa kulia, dhahabu. Akauliza: mtu ni mmoja, sabuni ni moja, beseni ni moja, mkono huu umefanya nini ambacho mwenzake hakufanya?

Ndipo Mzee Johana akasema kutoka kitandani, bila ubaya wowote, akidhani anatusaidia, "Lakini si Onyancha alimpa mkono?"

Sista akanyoosha mkono wake. Akaniambia nibandue plasta.

Kidole kilikuwa kibaya. Sikuwa nimekitazama sawasawa, naapa. Nilikuwa nabandika tu. Wodi nzima ilikiona. Hata uchafu wa mlango wa choo niliouhangaikia haukuota chochote cha maana kwenye kisahani cha Kipkemboi. Kila kilichoota kilitoka kwangu.

Nilitazama dirishani kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Gesare alikuwa ameketi. Aliongea Kikisii, polepole. Alisema, kumbe ni wewe. Alisema kila asubuhi alikuwa anasikiliza miguu yangu tangu mlangoni, anahesabu vitanda akingojea nifike.

Angenitukana ningeshukuru.

Kipkemboi ndiye aliyenisafisha kidole baada ya Sista kukipasua. Alinishika taratibu, hakucheka. Alipomaliza akaenda kunawa. Kwa mara ya kwanza sikuona ubaya.

Ijumaa, 14 Mei

Mimi sifukuzwi kazi. Sista anasema nilikuwa mjinga, si mwovu, na mjinga anaweza kufundishwa. Lakini siruhusiwi kukanyaga wodini mpaka kidole kipone. Niko nyuma ya jikoni, nachochea moto wa pipa la kuchemshia shuka. Kitambaa changu nimeambiwa nikichome.

Daktari amekuja. Nilimwona akipita. Nilisimama karibu na dirisha la chumba cha upasuaji mpaka mpishi akanifukuza. Niliomba. Niliomba kwa Kikisii na kwa Kiswahili, nisije nikakosa kueleweka. Nilimwambia Mungu achukue koti, achukue hata kidole changu, aache vya Gesare.

Mpishi ndiye aliyeniletea habari. Wamepasua, usaha umetoka, kidole hakikukatwa!

Nilikaa chini kwenye kuni nikalia. Mpishi alidhani ni moshi.

Jumatano, 19 Mei

Kipkemboi amepewa koti. Mikono yake ni mirefu, limembana kwapani. Nilijua ni saizi yangu.

Homa ya Gesare imekwisha. Yule fundi pia anakauka. Tangu niondoke wodini hakuna hata mmoja aliyeharibika kidonda. Sista ameniambia hayo kwa upole, kunifurahisha. Sijui kama nimefurahi.

Jumamosi, 22 Mei

Gesare amekwenda nyumbani! Watoto wamekuja tena na nguo zile zile za kanisani. Kidole cha kati hakikunjiki sawasawa, lakini cha shahada na gumba vinafanya kazi, na majani huchunwa kwa vidole hivyo. Nyumba ya laini bado ni yake.

Alipita nyuma ya jikoni kuniaga. Hakulazimika. Nilipomwona nikasahau kila kitu, nikamnyooshea mkono. Akauficha wake mgongoni haraka, kama mtoto aliyeiba sukari. Tukatazamana. Halafu akaanza kucheka, nami nikacheka, watoto nao wakacheka bila kujua sababu. Akainamisha kichwa kama Kipkemboi, akaniambia tutaonana Jumanne, anarudi kufungwa bandeji mpya.

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye michai. Nimeapa mbele ya lile pipa. Sitawaumiza watu tena kwa tamaa ya koti.

Jumatatu, 24 Mei

Kidole kimepona! Sista amekikagua, akanirudisha. Si wodini hasa, mlangoni. Mimi ndimi msimamizi wa beseni. Hakuna anayeingia bila kunawa, awe mgonjwa, mgeni au daktari. Nimeshaomba kofia.

Kazi kubwa, na nimeifikiria kuliko alivyoifikiria Kipkemboi. Kwanza, taulo ndogondogo nyingi ni uchafu machoni. Zinarundikana. Nimeleta moja kubwa, nzuri, dada yangu Mellen ameitarizi maua na jina langu. Wote watajipangusia hiyo, ipendeze. Pili, maji yenye dawa hayamwagwi ovyo. Beseni moja latosha tangu asubuhi mpaka jioni. Dawa iko ndani, si inajisafisha yenyewe? Kipkemboi akiona ninavyookoa mali ya kampuni, atajificha kwa aibu.

Mzee Johana amekuwa wa kwanza. Alinawa, akajipangusa, kisha akapangusa kidogo na mguu pembeni ya kidonda, kwa kuwa taulo ni laini. Sikumkataza. Ni mzee.

Kuna tatizo moja tu: watu hawapendi kunawa. Maji ni baridi, wanakunja uso, wengine wanapitia dirishani. Lazima watiwe moyo. Nimekuna kichwa adhuhuri yote, nikapata dawa! Kila anayenawa vizuri, mimi mwenyewe nitamsimamisha pale pale mlangoni nimpongeze.

Kesho Gesare anakuja. Safari hii hatauficha mkono mgongoni, maana sina plasta na yeye atakuwa ametoka kunawa. Nimeshajaribu pongezi yangu leo kwa wageni wote walioingia, na wamefurahi mno. Nawapa mkono.